Msanidi wa Sehemu ya Mbele na Mpaka kati ya Habari na Tangazo katika Magazeti ya Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu gazeti limekuwa na wateja wawili. Wa kwanza ni msomaji, anayelinunua ili apate habari. Wa pili ni mfanyabiashara, anayelipia nafasi kurasani ili bidhaa yake ionekane na msomaji huyo. Katika gazeti la karatasi, mpaka kati ya wateja hawa ulilindwa na watu waliojulikana vyema: mhariri, afisa wa matangazo na mpangaji wa kurasa. Mstari mweusi uliolizunguka tangazo, pamoja na tofauti ya maandishi, ulitosha kumjuza msomaji kwamba alichokitazama kilikuwa kimelipiwa.

Magazeti yalipoingia mtandaoni, kazi ya kuuchora mstari huo ilihamia mikononi mwa mtu mwingine, ambaye jina lake halionekani popote ukurasani. Huyo ni msanidi wa sehemu ya mbele ya tovuti. Yeye ndiye anayeamua, kwa maagizo anayoyaandika, tangazo litakaa wapi, litafunguka lini, litabeba uzito gani na litatambulishwa kwa neno gani.

Makala haya yanachunguza kazi ya msanidi huyo katika vyombo vya habari vinavyotegemea matangazo. Hoja inayojengwa ni kwamba msanidi ni mlinzi wa mpaka kati ya habari na tangazo, na kwamba mpaka huo ukibomoka, anayepoteza kwanza ni msomaji na anayepoteza mwishowe ni gazeti lenyewe. Aidha, makala yanadai kwamba katika gazeti la Kiswahili ulinzi huo ni suala la lugha kwa kiwango kile kile ambacho ni suala la ufundi. Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kuiona kazi hii kuwa ya watu wa tarakilishi pekee.

2.0 Msanidi wa Sehemu ya Mbele ni Nani?

Wanaounda tovuti huigawa kazi yao katika sehemu mbili. Sehemu ya nyuma ni ile isiyoonekana na msomaji: seva, hifadhidata na programu zinazotunza habari zilizoandikwa. Sehemu ya mbele ni kila kinachotendeka ndani ya kivinjari cha msomaji, iwe anatumia tarakilishi au rununu. Msanidi wa sehemu ya mbele hutumia nyenzo kuu tatu. HTML, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee, hueleza ukurasa una nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka wa 1994, hueleza vitu hivyo vionekane vipi: rangi, ukubwa na nafasi. JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka wa 1995, hueleza vitu hivyo vifanye nini msomaji anapogusa, anaposogeza ukurasa au anaposubiri.

Mtu akiifananisha tovuti na nyumba ya udongo, HTML ni nguzo na fito, CSS ni udongo na chokaa, nayo JavaScript ni milango inayofunguka na kufungwa. Tofauti ni kwamba katika tovuti ya habari, baadhi ya vyumba vya nyumba hiyo vimekodishwa kwa wapangaji ambao mjenzi hajawahi kuwaona. Wapangaji hao ndio matangazo.

3.0 Historia Fupi ya Tangazo la Mtandaoni

Tarehe 27 Oktoba 1994, tovuti ya HotWired, iliyokuwa tawi la jarida la Wired la Marekani, ilianza kuonyesha mabango ya biashara yaliyolipiwa. Bango linalokumbukwa zaidi ni la kampuni ya simu ya AT&T. Mabango hayo hufikiriwa kuwa chanzo cha biashara ya matangazo kama inavyojulikana leo katika wavuti. Baada ya muda, vipimo vya mabango vilianza kusawazishwa ili tangazo lililotengenezwa mara moja liweze kutumika katika tovuti nyingi. Shirika la Interactive Advertising Bureau, lililoundwa mwaka wa 1996, lilichangia sana katika usawazishaji huo.

Mabadiliko makubwa zaidi yalihusu chanzo cha tangazo. Hapo mwanzo, bango lilikuwa picha iliyohifadhiwa na gazeti lenyewe. Baadaye kampuni za kati, kama vile DoubleClick, zilianza kuyahifadhi matangazo katika seva zao na kuyapeleka katika tovuti za wengine. Google ilitangaza mwaka wa 2007 kwamba ingeinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na ununuzi huo ukakamilika mwaka wa 2008. Tangu mfumo huo ulipoenea, mhariri wa gazeti la mtandaoni anaweza kuchapisha ukurasa bila kujua msomaji ataona tangazo gani ndani yake. Wasomaji wawili wa habari moja, wakiwa wameketi benchi moja, huona matangazo tofauti.

Historia hii ina funzo moja lisilopaswa kusahaulika. Dirisha la tangazo linaloruka mbele ya ukurasa bila kuitwa lilitokana na jaribio la kutatua tatizo halisi. Ethan Zuckerman, aliyekuwa akiifanyia kazi tovuti ya Tripod katika miaka ya 1990, ndiye aliyeandika maagizo ya mapema ya dirisha hilo. Kampuni moja ya magari ilikuwa imelalamika kwamba tangazo lake lilionekana katika ukurasa wenye maudhui ya ngono. Dirisha la pembeni lilibuniwa ili tangazo lisihusishwe na ukurasa wenyewe. Mwaka wa 2014 Zuckerman aliomba radhi hadharani kwa sababu ya kero iliyozaliwa na uvumbuzi huo. Uamuzi mdogo wa msanidi mmoja, uliokusudiwa kumridhisha mteja mmoja, uligeuka kuwa bughudha kwa mamilioni ya watu.

Wasomaji nao hawakukaa kimya. Programu za kuzuia matangazo zilienea, na mwaka wa 2015 kampuni ya Apple iliziruhusu katika kivinjari cha simu zake za iPhone. Tarehe 15 Februari 2018 kivinjari cha Chrome kilianza kuyachuja matangazo katika tovuti zilizokiuka viwango vya muungano uitwao Coalition for Better Ads. Hasira ya msomaji ilikuwa imeanza kumgharimu mwenye gazeti.

4.0 Safari ya Tangazo hadi Ukurasani

Ili kuelewa mamlaka aliyo nayo msanidi, ni muhimu kuifuata safari ya tangazo moja tangu msomaji anapofungua habari hadi tangazo linapoonekana.

Kwanza, msanidi hutenga mahali. Katika ukurasa huweka kisanduku kitupu, akakipa jina na vipimo. Vipimo vinavyotumika sana ni pikseli 300 kwa 250 kwa kisanduku cha katikati ya habari, 728 kwa 90 kwa bango la juu katika tarakilishi, na 320 kwa 50 kwa bango la rununu.

Pili, programu ya JavaScript hupeleka ombi kwa seva ya matangazo. Ombi hilo hubeba maelezo ambayo msanidi ameyaamua: sehemu ya gazeti, mada ya habari, lugha na aina ya kifaa. Msomaji akiwa ametoa idhini, ombi linaweza kubeba pia maelezo kumhusu yeye mwenyewe.

Tatu, hufanyika mnada. Wanunuzi hutoa bei zao kwa kasi ambayo mwanadamu hawezi kuifuata. Tangu takriban mwaka wa 2015, magazeti mengi yamekuwa yakiwaita wanunuzi kadhaa kwa wakati mmoja, ndani ya kivinjari chenyewe, kabla ya seva kuu kuamua. Prebid ni mojawapo ya programu huria zinazotumika kwa kazi hiyo. Hapa msanidi hukabiliwa na uamuzi mgumu: mnada usubiri kwa muda gani? Akiruhusu milisekunde 3,000, huenda akampata mnunuzi mwenye bei nzuri zaidi, lakini msomaji atakuwa akikodolea macho kisanduku kitupu. Akiruhusu milisekunde 500, msomaji atahudumiwa upesi ila wanunuzi wenye mitambo ya polepole watakuwa wameachwa nje.

Nne, tangazo lililoshinda huletwa na kuwekwa ndani ya fremu, yaani ukurasa mdogo uliopachikwa ndani ya ukurasa mkubwa.

Tano, hufanyika upimaji. Kwa mujibu wa kiwango kinachotumika na wengi katika biashara hii, tangazo la picha huhesabiwa kuwa limeweza kuonekana iwapo angalau asilimia 50 ya pikseli zake zimekuwa kiooni kwa sekunde moja mfululizo. Kwa tangazo la video, muda huo ni sekunde mbili. Tangazo lililowekwa chini kabisa ya ukurasa ambako msomaji hafiki haliwezi kutimiza kiwango hiki.

Safari hii ina wapokeaji njiani, na kila mmoja huchukua sehemu yake. Utafiti uliofanywa Uingereza na kampuni ya PwC kwa niaba ya chama cha watangazaji wa biashara, ISBA, na kuchapishwa mwaka wa 2020, ulionyesha kwamba wachapishaji walipokea asilimia 51 tu ya pesa zilizotolewa na wenye matangazo. Kati ya pesa zilizosalia, kiasi kilicholingana na asilimia 15 ya jumla yote hakikuweza kuelezwa kilikokwenda. Nchini Marekani, mnamo Aprili 2025, Jaji Leonie Brinkema aliamua kwamba Google ilikuwa imehodhi kinyume cha sheria masoko mawili: lile la seva za matangazo za wachapishaji na lile la minada ya matangazo. Takwimu na uamuzi huu vinadhihirisha kwamba gazeti halina nguvu sawa na wale linaofanya biashara nao. Shinikizo la kuongeza visanduku vya matangazo hutokana na hali hiyo, na shinikizo hilo humwangukia msanidi.

5.0 Majukumu ya Msanidi kwa Msomaji

5.1 Kuutuliza ukurasa

Msomaji anafungua habari na kuanza kusoma. Anapotaka kugusa kichwa cha habari nyingine, tangazo linachomoza juu yake, maandishi yanasukumwa chini, na kidole kinaangukia tangazo. Mwenye tangazo huenda akahesabu tukio hilo kuwa mguso, lakini kwa hakika msomaji amenaswa.

Mwaka wa 2020 Google ilitangaza vipimo vya ubora wa ukurasa ambavyo vinajumuisha kiwango cha kuyumba kwa vitu kiooni. Ukurasa mzuri unatarajiwa kuwa na alama isiyozidi 0.1. Vilevile, kitu kikubwa zaidi kionekanacho mwanzoni kinatarajiwa kuwa kimefika ndani ya sekunde 2.5. Mwaka wa 2024 kiliongezwa kipimo cha wepesi wa ukurasa kuitikia mguso, ambacho hakipaswi kuzidi milisekunde 200.

Dawa ya kuyumba ni rahisi kueleza: msanidi huutenga urefu wa kisanduku kabla tangazo halijafika. Utekelezaji wake ndio wenye utata. Kisanduku kimoja kinaweza kuruhusiwa kupokea tangazo la urefu wa pikseli 250 au la 600. Akitenga 250 na likaja la 600, ukurasa utaruka. Akitenga 600 na likaja la 250, litabaki pengo. Mnada ukikosa mshindi, kisanduku chote kitabaki kitupu, na kukikunja wakati huo kutauyumbisha ukurasa vilevile. Msanidi mwenye busara hupunguza aina za vipimo katika kila kisanduku na kukubali pengo dogo badala ya mtikisiko.

5.2 Kupunguza uzito

Mnamo Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data ilipoanza kutekelezwa, gazeti la USA Today liliwaandalia wasomaji wa Ulaya ukurasa usiokuwa na programu za matangazo na ufuatiliaji. Mtaalamu mmoja wa tovuti alizilinganisha kurasa hizo mbili. Ukurasa wa kawaida ulikuwa na uzito wa megabaiti 5.2 na ulichukua zaidi ya sekunde 45 kukamilika. Ule wa Ulaya ulikuwa na kilobaiti 500 na ulichukua sekunde 3.

Tofauti hiyo ina maana ya pekee kwa msomaji wa Kenya anayenunua data kwa kipimo. Akiwa na megabaiti 100, anaweza kufungua kurasa 19 za uzito wa megabaiti 5.2, au kurasa 200 za uzito wa kilobaiti 500. Katika hali ya kwanza, sehemu kubwa ya pesa zake imelipia vitu ambavyo hakuviomba. Kwa maneno mengine, msomaji ndiye anayelipa nauli ya tangazo.

Msanidi ana njia kadhaa za kupunguza mzigo huu. Anaweza kuliita tangazo pale tu msomaji anapokaribia lilipo, badala ya kuyaita yote kwa pamoja. Anaweza kuweka kikomo cha uzito na kuyakataa matangazo yanayokizidi. Anaweza pia kuhakikisha kwamba habari yenyewe imefika na kusomeka kabla ya mnada kuanza. Njia hii ya mwisho inaonekana ndogo, ilhali ndiyo inayotangaza msimamo wa gazeti: habari kwanza, biashara baadaye.

5.3 Kuulinda usalama na faragha

Mnamo Septemba 2009, baadhi ya waliotembelea tovuti ya New York Times walionyeshwa onyo la uongo lililodai kwamba tarakilishi zao zilikuwa na virusi na kuwahimiza wanunue programu ya kuziponya. Walaghai walikuwa wamenunua nafasi kwa kujifanya kampuni ya simu ya Vonage, wakaonyesha matangazo ya kawaida kwanza, kisha wakayabadilisha. Tangazo lilitoka katika seva ya nje, lakini msomaji aliliona chini ya jina la gazeti analoliamini.

Tukio hilo linaeleza ni kwa nini fremu ni muhimu. Fremu iliyofungwa ipasavyo huliwekea tangazo mipaka: haliwezi kuyasoma yaliyomo katika ukurasa mkubwa, haliwezi kufungua madirisha mapya, wala haliwezi kumhamisha msomaji bila yeye kugusa. Msanidi huiandika mipaka hiyo moja baada ya nyingine, na kila anapolegeza mmoja ili kumfurahisha mwenye tangazo, hana budi kujua amelegeza nini.

Kuhusu faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mtu iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye ufahamu. Katika tovuti, matakwa haya hutimizwa au huvunjwa na msanidi. Programu ya ufuatiliaji ikianza kufanya kazi kabla msomaji hajajibu, idhini imekuwa mchezo wa kuigiza. Hali kadhalika, kitufe cha kukubali kikiwa kikubwa na chenye rangi ya kung'aa huku cha kukataa kikiwa kimefichwa katika ukurasa wa tatu, hiari haipo.

5.4 Kulitambulisha tangazo

Jukumu zito kuliko yote ni kumwonyesha msomaji kwamba kitu fulani kimelipiwa. Ugumu hutokea hasa pale tangazo linapoandikwa kwa umbo la habari. Mnamo Januari 2013, jarida la The Atlantic la Marekani lilichapisha katika tovuti yake makala yaliyolipiwa na Kanisa la Scientology, yakisifu ukuaji wa kanisa hilo. Makala hayo yalikuwa na lebo iliyoonyesha kwamba yalidhaminiwa. Hata hivyo, yalikuwa na umbo la makala ya jarida, na maoni ya wasomaji chini yake yalikuwa yakichujwa na kitengo cha masoko. Malalamiko yalizuka, makala yakaondolewa baada ya saa chache, na jarida likaomba radhi.

Funzo la kisa hiki ni kwamba lebo peke yake haitoshi iwapo kila kitu kingine kinasema kinyume chake. Aina ya herufi, upana wa aya, rangi ya mandharinyuma na mahali pa picha vyote ni lugha. Lebo ikisema "limelipiwa" huku umbo likisema "ni habari", msomaji wengi huliamini umbo.

6.0 Nafasi ya Kiswahili

6.1 Utata wa neno "tangazo"

Neno "tangazo" limetokana na kitenzi "tangaa", yaani kuenea au kujulikana kwa watu wengi. Kitenzi hicho kikinyambuliwa huwa "tangaza", na kutokana nacho hupatikana nomino "tangazo", "mtangazaji" na "utangazaji". Kwa hivyo, dhana ya msingi ni kueneza jambo, bila kujali kama limelipiwa. Kiswahili kina tangazo la kifo, tangazo la kazi, tangazo la serikali na tangazo la biashara. Mtangazaji wa redio ni msoma habari, wala si muuza bidhaa.

Matokeo yake ni kwamba lebo yenye neno "Tangazo" peke yake, ikiwekwa juu ya makala yanayosifu dawa au mkopo, inaweza kueleweka kuwa taarifa rasmi. Msanidi asiyeijua lugha atatafsiri lebo ya kigeni kwa neno moja na kuendelea na kazi yake. Anayeijua ataliona shimo. "Tangazo la Biashara" ni afadhali. Neno "yamedhaminiwa" linafahamika, ila mdhamini kwa Wakenya wengi ni mtu anayemtoa mwenzake rumande au kampuni inayoisaidia timu ya mpira, hivyo lina harufu ya wema. Lebo iliyo wazi zaidi ni ile inayosema nani ametoa pesa: "Makala haya yamelipiwa na", ikifuatwa na jina la kampuni.

6.2 Upatanisho wa kisarufi

Lebo hiyo inazua tatizo la pili. Wasanidi huzoea kuandika sentensi moja yenye pengo, kisha programu ikalijaza pengo hilo kwa nomino inayohitajika. Katika Kiswahili mbinu hiyo huzaa makosa. Makala yamelipiwa, video imelipiwa, tangazo limelipiwa, ukurasa umelipiwa na kisanduku kimelipiwa. Kiambishi cha upatanisho hubadilika kwa mujibu wa ngeli, na katika wingi hubadilika tena: tangazo limefungwa, matangazo yamefungwa. Programu isiyolijua hili itamwandikia msomaji "tangazo imefungwa", naye atajua papo hapo kwamba gazeti lake la Kiswahili limetengenezwa na watu wasiojali Kiswahili. Suluhisho ni kuhifadhi sentensi nzima kwa kila nomino, badala ya kuunganisha vipande. Orodha ya sentensi hizo inahitaji kuandaliwa na mtu aliyesoma ngeli.

6.3 Urefu wa maneno na utambulisho wa lugha

Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na kitenzi kimoja kinaweza kubeba maana ya sentensi. Neno "hawakuwatayarishia" lina herufi 18. Katika bango la rununu lenye upana wa pikseli 320, neno kama hilo linaweza kumwagika nje ya kisanduku au kukatwa mahali pasipofaa. Bahati nzuri, silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, hivyo kanuni za kulikata neno mwishoni mwa mstari si ngumu kuzieleza. Lakini kivinjari hakiwezi kuzitumia kanuni za lugha ambayo hakijaambiwa kuwa ndiyo inayotumika. Msanidi hana budi kuutambulisha ukurasa kwa alama ya lugha, ambayo kwa Kiswahili ni "sw". Alama hiyo pia huiongoza programu inayowasomea wasioona ili isiyatamke maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Kwa sababu hiyo hiyo, lebo ya tangazo inapaswa kuwa maandishi halisi na si picha, la sivyo asiyeona hataambiwa kwamba anachosomewa kimelipiwa.

6.4 Maneno yanayoogopwa

Wenye matangazo huwa na orodha za maneno ambayo hawataki bidhaa zao zionekane karibu nayo, kama vile yale yanayohusu vita na vifo. Habari yenye neno hilo hukosa tangazo, na gazeti hukosa pesa. Mwaka wa 2020 magazeti mengi ulimwenguni yalipoteza mapato kwa sababu neno la ugonjwa wa korona lilikuwa katika orodha hizo, wakati ambapo habari hizo ndizo zilizohitajika zaidi.

Katika Kiswahili tatizo hili lina sura yake. Lugha ya michezo imejaa msamiati wa vita. Mchezaji huvurumisha kombora, safu ya mashambulizi huvamia ngome, na timu ya Arsenal huitwa Wanabunduki. Orodha inayolikataza neno "kombora" bila kujali muktadha itamnyima mwandishi wa michezo haki yake kila Jumatatu. Msanidi anaweza kupunguza madhara kwa kuhakikisha kwamba ombi la tangazo linabeba maelezo sahihi ya sehemu na mada, ili ijulikane kwamba kombora hilo lilipigwa kwa mguu. Hata hivyo, wa kuonyesha maana hizo mbili za neno ni mwanaisimu. Elimu ya semantiki, ambayo wengi hudhani haina soko nje ya darasa, ina kazi hapa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tangazo la mtandaoni hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia msomaji, na kwamba msanidi wa sehemu ya mbele ana mkono wa mwisho. Yeye hawezi kubadilisha bei za mnada wala kuvunja nguvu za kampuni kubwa. Anachoweza ni kuamua kwamba maandishi hayatayumba, data ya msomaji haitafujwa, fremu itafungwa na lebo itasema kweli. Maamuzi haya hupunguza mapato ya leo kwa kiasi fulani. Hata hivyo, kitu ambacho gazeti humuuzia mwenye tangazo ni imani ya wasomaji wake, na imani hiyo ikiisha hakuna cha kunadi.

Imedhihirika pia kwamba lebo, sentensi za vitufe, alama ya lugha na orodha za maneno ni masuala ya Kiswahili. Idara za Kiswahili zinapowaandaa wanafunzi kwa ualimu, uhariri na tafsiri, zinafaa kuwaonyesha kwamba ipo meza nyingine inayowasubiri, pembeni mwa msanidi. Kiswahili kisipokuwa na mtu katika meza hiyo, mpaka kati ya habari na tangazo utaendelea kuandikwa kwa Kiswahili kilichokisiwa.

Maswali ya Mjadala

1. Chagua habari yoyote katika tovuti ya gazeti la Kiswahili. Taja kila kilicholipiwa na ueleze ni ishara zipi, za maneno na za umbo, zilizokuwezesha kukitambua.
2. Pendekeza lebo tatu za Kiswahili za kutambulisha makala yaliyolipiwa, na ujadili utata wa kila moja kisemantiki.
3. Andika sentensi zinazohitajika ili tovuti iweze kumweleza msomaji kwamba tangazo, video, ukurasa au kisanduku kimoja au zaidi kimefungwa. Zingatia upatanisho wa kisarufi.
4. "Msomaji ndiye anayelipa nauli ya tangazo." Jadili kauli hii kwa kurejelea gharama ya data nchini Kenya.